Pl@ntNet ndani ya saluni: jina imelipata, maji nimejipangia mwenyewe

Nianze na alama, ili mwenye haraka asimalize bando bure. Kutaja jina la mmea: nne na nusu kati ya tano. Kukuelekeza uumwagilie lini na uuweke wapi: siipi alama yoyote, kwa kuwa kazi hiyo haifanyi na haijasema popote kwamba inaifanya. Bei: bure. Hakuna matangazo ya kukurukia usoni wala "siku saba za majaribio" zinazogeuka deni. Programu ni Pl@ntNet, ya simu, inayotambua mmea kwa picha, na mmea ulionifanya niipakue ni ule wenye fito nene za kijani na majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi, ambao siku hizi umejaa kwenye mapokezi ya benki, hoteli na ofisi za mawakili Dar es Salaam nzima. Umeuona. Huenda umekaa pembeni yake ukisubiri namba yako iitwe.

Mimi nina saluni ya kike Sinza. Fremu moja ndefu, mlango wa kioo mbele, ukuta mtupu nyuma, madrayer matatu katikati yanayopuliza joto kutwa. Mteja wangu mmoja alihamishiwa Dodoma kikazi, akagawa vitu vyake, mimi nikapata chungu. "Dada, huu hauna shida, utunze tu," akasema, na hayo ndiyo maelekezo yote niliyopewa. Jina hakulijua. Aliununua kwa kuwa ulimpendeza.

Sasa mtu ataniuliza, jina la nini? Maua si maua tu? Kwenye fremu yangu hapana. Wateja wanakuja na watoto, na kusuka rasta ni kazi ya nusu siku. Mtoto wa mwaka na nusu akikaa chini nusu siku atatafuna chaja, atatafuna kitana, na jani lililo usawa wa mkono wake halitapona. Kuna mmea mmoja wa mapambo unauzwa karibu kila kitalu, dieffenbachia, wenye majani mapana yenye madoa meupe: mtoto akiutafuna, ulimi na midomo vinawaka na kuvimba. Kwa hiyo kabla mgeni huyu hajapewa kona yake nilitaka kumjua ni nani.

Sikuanza na yeye. Programu nisiyoijua naijaribu kwanza kwa vitu ninavyovijua, kama ninavyojaribu dawa mpya ya nywele kwenye kishungi kimoja nyuma ya sikio. Nikatoka nje nikapiga picha mwarobaini unaotutilia kivuli: Azadirachta indica, haikusita. Mshubiri wa fundi cherehani jirani, ikautaja. Mnyaa uliopandwa kama ua nyuma ya nyumba: Euphorbia tirucalli, sawasawa, na huo hauna hata majani ya maana, ni vijiti vitupu vyenye utomvu wa kuunguza macho. Kwenye mrehani ikagawa asilimia zake kati ya ndugu kadhaa wa jamii ya Ocimum. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu. Mirehani inafanana, hata kina mama wa Pwani wanabishana upi ni upi mpaka waunuse, na simu haina pua. Programu iliyokiri kwa asilimia kwamba haina hakika inanifaa kuliko inayonijibu kwa sauti kubwa kila mara.

Matumizi yake ni hivi. Ukiifungua unachagua itafute wapi: kwenye mimea ya dunia nzima au ya ukanda fulani, na Afrika ya Mashariki imo. Unapiga picha, unaiambia hiki ni jani, hili ni ua, hili ni tunda, hili ni gome. Unaweza kuipa picha kadhaa za mmea mmoja kwa swali moja, na nakushauri ufanye hivyo, kwa sababu tofauti ya majibu ni kubwa. Baadaye inakuletea orodha ya majina, kila jina na asilimia yake, na chini ya kila jina kuna picha za mmea huo zilizopigwa na watu wengine. Orodha hiyo si hukumu. Kazi yako ni kushuka chini, ufungue zile picha, ulinganishe na kilicho mbele yako. Wengi wanasoma jina la kwanza, wanafunga simu, wanaanza kutangaza.

Nyuma yake kuna taasisi za utafiti za Ufaransa: CIRAD, INRAE, Inria na IRD. Kwenye simu imekuwepo tangu 2013. Picha ambazo watumiaji wanakubali kuzichangia zinaongezwa kwenye hazina inayoifundisha mashine, na watafiti nao wanazitumia kujua mmea gani unaota wapi. Ndiyo maana haikutozi pesa. Ilianza kwa ajili ya mimea inayojiotea yenyewe, msituni na kandokando ya njia, na hilo ulikumbuke ukiwa na ua la kitalu lililochanganywa mbegu mpaka likapoteza sura ya wazazi wake. Nusu alama niliyoikata inatokana na hilo. Kwenye crotoni zangu za mlangoni, zile za rangi rangi, inataja spishi basi. Aina yenyewe, ile ambayo muuza maua anakutajia kwa mbwembwe, usiitegemee hapo.

Haya, tuje kwa mgeni.

Taa za saluni ni adui wa picha. Zangu zina weupe wa kuelekea waridi ili mteja ajione mzuri kwenye kioo, na jani la kijani chini yake linakuwa rangi isiyo na jina. Nikautoa mmea barazani, nikatandaza taulo jeupe nyuma yake, asubuhi kabla jua halijawa kali. Jambo la pili ni kubwa zaidi, na maelezo ya watu wengi wa mtandaoni hayalitaji: kwenye mmea huu, kile unachodhani ni shina lenye majani mengi, kumbe chote kizima ni jani moja. Shina lenyewe limelala chini ya udongo. Ule ufito ulionona ni kikonyo cha jani, na yale majani madogo yaliyopangana pande mbili, jozi kwa jozi, ni vipande vya jani hilo moja. Ukipiga picha kipande kimoja tu ukakiita "jani", umeipa mashine kidole ukaitaka imtambue mtu. Piga ufito mzima kuanzia udongoni mpaka ncha, kisha piga pale chini unapovimba, kisha piga mmea wote.

Jibu lilikuja na pengo kubwa kati ya wa kwanza na wanaofuata: Zamioculcas zamiifolia. Chini yake, kwa asilimia ndogo, ikaleta Zamia na mingine ya kundi la saikadi, mimea ya kale inayofanana na minazi mifupi. Si ajabu. Hilo neno zamiifolia maana yake tu ni kwamba majani yake yanafanana na ya Zamia, kwa hiyo wataalamu walishaliona tatizo hilo mapema kuliko simu yangu. Lakini kuzitofautisha si kazi. Saikadi jani lake ni gumu, kavu, nyingi zina miiba pembeni, na zikikomaa zinatoa koni. Zipo za kwetu hapa pwani ya Tanzania na Kenya, Encephalartos hildebrandtii, ambayo biashara yake ya kimataifa imebanwa na CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo ukikuta mtu anakuuzia ya kung'oa porini muache nayo. Mgeni wangu jani lake ni laini, limejaa maji, kikonyo ukikibonyeza unahisi kama kinataka kutoa juisi. Nikafukua kidogo kwa kidole: viazi. Vya mviringo, rangi ya kahawia hafifu, vimebanana ukutani mwa chungu. Saikadi haina hivyo. Kesi ikaisha.

Nilirudia utafutaji mara moja zaidi, safari hii nikachagua mimea ya Afrika ya Mashariki badala ya dunia nzima, nikitegemea iseme haupo. Upo. Mmea ambao mteja wangu aliuziwa kama kitu cha Ulaya, na bei yake ikawa ya Ulaya, kwao ni hapa hapa. Unaota kutoka Kenya kushuka Tanzania pamoja na Zanzibar, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, mpaka KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini. Wazungu waliuandika kwenye vitabu vyao kwa mara ya kwanza mwaka 1829, wakati huo wakiuita Caladium. Mwaka 1856 mtaalamu wa mimea, Schott, akauundia jenasi yake, yaani kundi lake lenyewe, na jina la sasa likakamilishwa na mtaalamu mwingine, Engler, mwaka 1905. Kisha ukakaa kwenye bustani za kitaalamu bila mtu kuujali sana, hadi kwenye mwaka 1996 wakulima wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi kwa ajili ya kuuza. Hapo ndipo ukaanza kuzunguka dunia ukiitwa ZZ, ukaturudia bandarini na chungu kipya cha plastiki.

Nilipokuwa nawasimulia haya wasichana wangu kazini, bibi mmoja aliyekuja kuoshwa nywele akainua kichwa kutoka kwenye sinki.

"Hilo jani kwetu lipo."

"Kwenu wapi, bibi?"

"Muheza. Juu kule, kuelekea Amani. Mtoto akiumwa sikio, mama anakamua maji ya jani, anadondoshea."

Nilipotafuta baadaye nikakuta imeandikwa hivyo hivyo: Usambara Mashariki wanatumia maji ya majani yake kwa maumivu ya sikio. Sisemi ufanye. Mimi mtoto wangu akiumwa sikio nampeleka hospitali, na nilimwambia bibi hivyo kwa heshima zote, akacheka, akasema na wewe ulikuwa mtoto. Ninachosema ni kwamba kwenye saluni ya watu kumi ambao wote tumepita mbele ya mmea huu kwenye mabenki, aliyeujua alikuwa mmoja, na yeye hakuujulia benki.

Kuhusu usalama, ambao ndio ulionipeleka kwenye programu: wateja wawili watatu walishaniletea ujumbe wa WhatsApp kwamba ua hili linaleta saratani, hata ukiligusa. Uvumi huo ni wa zamani na hauna ushahidi. Ukweli ni mdogo na unaeleweka: mmea huu ni wa ukoo mmoja na magimbi. Anayemenya magimbi mabichi anajua mkono unavyowasha, na ayalaye hayajaiva vizuri anajua koo linavyokwaruza. Ni fuwele za kalsiamu oksaleti, na ZZ nayo inazo. Mtoto akitafuna atawashwa mdomo, atalia, atatema. Si wa kuliwa, si wa kuogopwa. Nikaupandisha juu ya kabati la rangi za kucha, usawa wa bega la mtu mzima, na nikikata jani navaa glavu, maana glavu saluni hazikosekani.

Sasa niseme kidogo kuhusu programu nyingine, ya kulipia, ambayo jina lake nalihifadhi. Niliipakua kwa sababu inajigamba kwamba inatambua na pia inatibu. Jina ililipata, sina ugomvi. Lakini kila picha niliyoipa ilirudi na alama nyekundu: mmea wako una tatizo, lipia uone tiba. Nikaipa picha ya waridi la plastiki lililo kwenye meza ya kucha. Likawa na tatizo la mwanga. Nikaifuta.

Pl@ntNet, kwa upande wake, ikishakupa jina inakufungulia milango ya kwenda kusoma kwingine, lakini haikuambii maji vikombe vingapi. Na ukienda kusoma huko kwingine ndipo utakapokuta shida ambayo si ya programu yoyote. Karibu maelekezo yote ya kutunza ZZ yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Punguza maji wakati wa theluji. Usiuweke karibu na kipasha joto. Mwagilia kila baada ya wiki mbili au tatu kuanzia machipuko hadi vuli. Na vuli yao si vuli yetu, ya kwao majani yanapukutika, ya kwetu mvua zinanyesha. Nimesoma kurasa nyingi za namna hiyo, mmea ni wa pwani yetu na hakuna hata ukurasa mmoja ulionieleza nifanye nini mwezi wa Aprili Sinza kukiwa kumeloa mpaka kuta zinatoa jasho.

Kwa hiyo nimejipangia kutokana na mmea wenyewe ulivyo. Vile viazi ni matangi ya maji. Vikonyo navyo ni matangi, na majani pia. Sehemu kubwa kabisa ya uzito wake ni maji. Porini kiangazi kikikaza, mmea unaweza kuangusha majani yake yote, ukabaki viazi chini ya ardhi ukisubiri mvua. Kiumbe aliyejiandaa hivyo haumuui kwa kiu, unamuua kwa huruma. Viazi vikikaa kwenye udongo uliojaa maji vinaoza, na dalili yake ya kwanza juu ni jani kuwa njano kuanzia chini, ambayo kila mtu anaisoma kuwa ni kiu, anaongeza maji.

Wasichana wangu walikuwa na huruma hiyo. Mteja akiacha maji nusu glasi, yanakwenda chunguni. Chai ya rangi iliyopoa, chunguni. Siku moja nilimkuta mmoja anataka kumimina maji ya kusuuzia retachi, akaniambia, "Madam, si maji tu?" Si maji tu, mama, hiyo ni dawa inayonyoosha nywele za watu. Nikatoa amri: anayemwagilia ni mimi, na kipimo ni mkia wa kitana. Kile kitana chembamba cha kugawia nywele, chenye mkia mrefu wa plastiki, nauchomeka kwenye udongo mpaka chini kabisa, nauacha kidogo, nauchomoa. Ukitoka na udongo umeng'ang'ania, sifanyi kitu. Ukitoka mkavu kama ulivyoingia, namwagilia mpaka maji yatoke tundu la chini, namwaga yaliyojaa kwenye kisahani, nasahau.

Kwa utaratibu huo misimu inajisemea yenyewe. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba kwenda Machi, joto la nje na madrayer ndani, udongo unakauka upesi na mkia unaniambia mapema. Masika, Machi mpaka Mei, mkia unatoka mchafu wiki baada ya wiki, na mmea haulalamiki. Kipupwe cha Juni na Julai uko katikati. Usifuate kalenda ya mtu wa Amsterdam.

Mwanga: unavumilia giza, haulipendi. Hilo tofauti yake utaiona kwa macho. Kule nyuma ya fremu, karibu na sinki, ulikaa vile vile bila kutoa kitu. Nilipousogeza karibu na mlango wa kioo, mahali penye mwanga mwingi lakini jua lenyewe halifiki, ukachomoza ufito mpya, kijani cha kung'aa cha ndizi mbichi, umejikunja ncha, ukafunguka polepole na kuiva rangi ukawa kama wenzake. Jua la mchana la moja kwa moja linauunguza, hata likipitia kwenye kioo. Vumbi la barabara na spreyi ya nywele vinatengeneza utando juu ya majani. Kitambaa chenye maji na mkono wa kushikilia jani kwa chini, basi. Anayekwambia upake mayonezi au mafuta ili ung'ae, mwambie mayonezi ni ya chipsi.

Na kuhusu kusafisha hewa, maana wauzaji wanapenda kuniambia saluni kama yangu inahitaji maua ili yanyonye harufu ya asetoni na dawa: majaribio yanayotajwa yalifanywa kwenye vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Kwenye fremu ya kawaida ungehitaji kujaza mimea mpaka mteja asipate pa kukaa. Mimi nafungua mlango na kuwasha feni.

Udongo ndio sehemu ambayo simu na intaneti zilinifikisha mwisho, nikaenda kwa mtu. Kuna vitalu kando ya barabara si mbali na Mwenge, na kimoja nimekuwa mteja wake, ingawa sitakitaja kwa sababu kijana mwenyewe ameniomba: hataki foleni ya watu wa kuuliza bila kununua. Nilimpelekea mmea kwenye bajaji. Chungu cha plastiki kilikuwa kimeanza kuvimba ubavuni, viazi vinasukuma.

"Dada, huu umebanwa, lakini ndivyo unavyopenda. Usimpe nyumba kubwa mno."

"Kwa nini, kaka? Si ukue?"

"Chungu kikubwa kinabaki na maji pembeni asikofika mzizi. Anaoza. Ongeza vidole viwili tu."

Mchanganyiko wake ni udongo mweusi kidogo, mchanga mwingi wa mto uliooshwa (wa pwani una chumvi, akasisitiza), makumbi ya nazi yaliyosagwa, pumba za mpunga zilizochomwa na samadi iliyokaa muda mrefu kiasi cha kutonuka tena. Kokoto haweki chini, anasema ni mazoea ya watu. Tundu ndilo muhimu. Chungu cha udongo, si cha plastiki, kwa sababu kinapumua na kwa mtu mwenye wasaidizi wenye huruma kama wangu ni bima. Kazi yote na chungu alinitoza shilingi 18,000. ZZ kama wangu kwake anauza kati ya 25,000 na 40,000 kulingana na fito, na nilipomwambia bei ni kali kwa mmea ambao Muheza unajiotea alinijibu kitu kilichonifunga mdomo. Alinionyesha trei ya vipande vya majani vilivyochomekwa kwenye mchanga. Ndivyo unavyozidishwa: unakata kipande kimoja cha jani, unakiacha kidonda kikauke, unakichomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Kwanza kinatengeneza kiazi kidogo kama punje ya mahindi chini huko, kimya, kwa miezi. Juu huoni kitu. Halafu siku moja ufito. Hiyo miezi yote yeye anakinyweshea na kukikinga na jua. Na alisema hang'oi porini, jambo ambalo nalipenda na nitaendelea kulilipia.

Kitalu nakipa nne. Moja nimeikata kwa majina. Huyu kijana mikono yake ni dhahabu, lakini kila kitu chenye majani ya kung'aa kwake ni "ua la bahati", na siku ile ile alimuuzia mama mmoja dieffenbachia akimwambia ni nzuri chumbani kwa mtoto. Nilimtoa yule mama pembeni, nikamwomba apige picha kwa simu yake mwenyewe, jina likatokea, tukasoma pamoja. Akabadilisha, akachukua ZZ ndogo. Kijana akanuna kidogo, kisha akaniuliza ile programu inaitwaje. Nikamwekea. Sasa naona ameanza kuandika majina kwa kalamu nyeusi kwenye vijiti vya aiskrimu, Kilatini kimekosewa kosewa lakini kinasomeka.

Mambo madogo ya mwisho kwa anayetaka kuipakua. Kwa kawaida picha inatumwa kwenye mashine zao ndipo ijibiwe, kwa hiyo andaa bando. Pale kitalu mtandao ukisumbua piga picha kwanza, kisha uziingize ukifika kwenye mtandao mzuri, inakubali picha zilizohifadhiwa. Huhitaji kujiandikisha ili kupata jina. Ukiamua kuchangia picha zako, kumbuka zinaonekana na watu wote, hivyo angalia mipangilio ya mahali ulipo kabla hujaweka mmea wa sebuleni kwako kwenye ramani ya dunia. Simu ikiwa imejaa, kuna tovuti yao inayofanya kazi hiyo hiyo kwenye kompyuta. Na kama mmea wako una ua, hata lile dogo la ajabu linalojificha chini karibu na udongo kama la ZZ, lipige picha nalo, asilimia zinapanda.